Ukurasa Uliochanwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ukungu haujaondoka vizuri juu ya Karatu, Germana alikuwa ameshamaliza kazi zote za nyumbani. Alikuwa amechota maji, amefagia uwanja, amewalisha nguruwe, na uji ameunywa akiwa amesimama. Mama yake, Blandina, alizoea kumtania kwamba siku za shule huamshwa kwa kuvutwa blanketi, lakini Jumamosi yeye ndiye anayemwamsha jogoo. Germana hakuwa na muda wa kujibu. Alivaa sweta lake la bluu, akashika njia hadi barabara ya lami, akasimama kidogo kutazama magari ya watalii yakipita kwenda Kreta, lile shimo kubwa la volkano lenye wanyama.

Watoto wa Karatu wana jambo moja la kuchekesha. Watakutajia aina zote za magari yanayokwenda Kreta, watakutajia na madereva kwa majina, lakini ukiwauliza Kreta yenyewe ikoje, hapo wanaanza kuzungusha maneno. Germana alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakuwahi kupita geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini, hata siku moja, ingawa halikuwa mbali na kwao. Hamu ya kulipita alikuwa nayo tangu akiwa darasa la kwanza.

Jumamosi alikuwa akienda kwa Mwalimu Wilibrodi, Mchaga aliyehamia Karatu zamani kufundisha sayansi katika shule ya msingi. Nyuma ya duka moja la vifaa vya ujenzi alikuwa na chumba chenye kompyuta nne kuukuu, zilizoachwa na wageni wa hoteli za huko juu. Zilikuwa zikija zimejaa virusi, nzito, hazitaki hata kuwaka. Mwalimu alizifuta na kuziwekea Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kuwa hainunuliwi na haichoshi mashine dhaifu. Wanafunzi waliojifunza kazi hiyo walikuwa wachache, na wa kwanza wao alikuwa Germana. Yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa chumba. Yeye ndiye ambaye Mwalimu alimwita wageni wakija, akisema, "Huyu ndiye fundi wangu." Basi Germana alizoea neno hilo, akaliona ni mali yake.

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja tu, na hata Mwalimu mwenyewe aliifuata. Mezani palikuwa na daftari kubwa lililochorwa safu tano: tarehe, jina, nilichokikuta, nilichobadilisha, na sababu. Mtu akitaka kugusa mipangilio ya kompyuta, zile kurasa zinazofunguka ukibonyeza kitufe fulani mara tu unapoiwasha, ni lazima kwanza aandike alivyoikuta. Mwalimu alikuwa akiwaambia kwamba mashine haisemi uongo, lakini haisemi pia nani aliyeigusa, kwa hiyo daftari ndilo linalosema.

Mwezi wa kwanza mwaka ule wa 2007 akaja Nashilu. Alitoka Kakesio, ng'ambo kabisa ya hifadhi, kwa wafugaji, akaja kukaa na shangazi yake Karatu ili asome. Alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni tupu. Kompyuta alikuwa hajawahi kuigusa. Germana ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kushika kipanya, na siku hiyo alicheka sana, kwa sababu Nashilu alikiinua juu hewani na kukielekeza kwenye kioo kama tochi. Wakawa marafiki. Yaani, walikuwa marafiki kwa muda wote ambao Germana alikuwa mbele.

Mwezi wa tano ikaletwa laptopu moja nyeusi. Mwalimu akawaambia kwamba ikipona itapelekwa zahanati ya Kakesio, kwa muuguzi aitwaye Dorkasi, aliyekuwa akiandika chanjo za watoto kwenye makaratasi yanayoliwa na mchwa. Umeme wa jua alikuwa nao tayari. Dereva mmoja wa magari ya watalii, Martini, amekubali kuwapeleka Jumatatu ya kwanza ya likizo ya mwezi wa sita. Nafasi ya mwanafunzi ni moja, na ataipata yule atakayeiponya mashine. Njia ya Kakesio inapita Lodoare na kupanda hadi ukingoni mwa Kreta. Germana aliposikia hivyo, alijiona ameshapanda gari.

Lakini laptopu ile ilikuwa na kiburi. Ulipotaka kuiwekea Linux kwa sidii, ilianza vizuri, kisha kioo kikawa cheusi na ikanyamaza. Germana aliihangaikia Jumamosi tatu. Alifungua kurasa za mipangilio akabadilisha hiki, akabadilisha na kile, akarudisha kimoja, akasahau kingine. Daftarini aliandika nusu nusu. Jumamosi ya tatu hakujua tena alianzia wapi, na Mwalimu akairudisha mipangilio yote ilivyokuwa tangu kiwandani, akasema sasa ajaribu Nashilu.

Nashilu hakujaribu chochote. Jumamosi nzima alikaa mbele ya kurasa zile akizitazama, mstari baada ya mstari, akazinakili daftarini ukurasa mzima kwa herufi zake ndefu. Germana akamuuliza kwa kijembe kama anasoma gazeti. Nashilu akatabasamu tu. Akaeleza kwamba kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa namba. Jioni mtu husimama mlangoni pa boma na kuwatazama wakiingia mmoja mmoja, na asiyekuwepo hujulikana papo hapo, kama mtu anayekosekana mezani. Alitaka kuijua mistari hiyo namna hiyo kwanza. Germana akacheka na kusema kompyuta si ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata, Nashilu akaanza kubadilisha. Mstari mmoja tu, kisha anajaribu. Ikikataa, anaurudisha, anaandika, anakwenda wa pili. Alipofika mstari wa tisa, uliohusu kuokoa umeme, sidii ikazunguka, kioo hakikuwa cheusi tena, na Linux ikaingia yote mpaka mwisho. Mwalimu akatoa sidii, akaizima mashine na kuiwasha. Ikawaka yenyewe. Akaizima tena na kuiwasha, ikawaka. Kisha akamshika Nashilu bega na kuwageukia wenzake.

"Huyu ndiye fundi wangu," alisema.

Roho ilimuuma Germana hadi akahisi joto masikioni. Si kwamba alimchukia Nashilu, la. Ila hakuweza kumtazama. Kila kitu cha Nashilu kilimkera ghafla: zile herufi ndefu, ule upole, hata namna alivyosema asante kwa sauti ndogo. Huyu wa juzi, ambaye alishika kipanya kama tochi, ndiye atakayepita Lodoare. Na Kreta yenyewe ameshaiona, aliiona alipokuja Karatu juu ya lori, wala haimshangazi. Germana aliona kwamba ameonewa. Gere ikimshika mtu haimwachi afikiri sawasawa, na Germana ilimshika barabara.

Jioni, wote walipoondoka, yeye alibaki kufagia na kufunga mlango kama kawaida. Akafagia. Akaweka ufagio. Kisha akaiwasha laptopu nyeusi, akabonyeza kile kitufe, akaenda kwenye orodha ya kuwashia.

Orodha hiyo ni mistari minne inayoiambia mashine ianze kujitafuta wapi: kwenye sidii, kwenye diski kuu iliyomo ndani, kwenye flashi, au kwenye mtandao. Linux ilikuwa ndani ya diski kuu, pamoja na ile programu ndogo inayoiamsha. Germana alijua, kwa sababu Mwalimu alimfundisha yeye kwanza, kwamba ukiweka alama ya mshangao mbele ya mstari, mashine inauruka mstari huo kana kwamba haupo. Akaiweka mbele ya diski kuu. Akahifadhi. Alipoiwasha tena, kioo kilionyesha maandishi meupe kwamba hakuna mfumo wowote uliopatikana.

Daftari lilikuwa wazi pale mezani, kwenye ukurasa wa Nashilu. Germana aliutazama, kisha akauchana, akaukunja mara nne na kuutia mfukoni mwa sweta.

Jumapili baada ya misa walikutana kuifunga laptopu kwa safari. Mwalimu akaiwasha mbele ya Nashilu na Germana, na yale maandishi meupe yakatokea. Mwalimu alidhani ile programu ndogo imekaa vibaya. Akaiweka upya Linux yote, kazi ya saa nzima na zaidi. Alipomaliza, maandishi yakawa yale yale. Akajikuna kichwa, akasema huenda diski yenyewe inakufa, na kama inakufa basi hakuna safari, muuguzi Dorkasi ataendelea na makaratasi yake. Germana hakuwa amelitazamia hilo. Alitaka Nashilu tu asiende, hakutaka safari yote ivunjike. Akajifanya hamnazo.

Nashilu akaomba daftari. Akafunua, akafunua tena. Katikati palibaki kipande chembamba cha karatasi kilichoshikiliwa na uzi.

Akakaa mbele ya mashine, akafungua kurasa za mipangilio, akaanza kuzipitia polepole bila daftari, midomo ikicheza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwenye orodha ya kuwashia akasimama na kugusa kioo kwa kidole.

"Huyu sivyo nilivyomwacha," alisema. "Ana kitu usoni."

Mwalimu akainama. Akaiona ile alama ndogo, akaiondoa, akahifadhi, na laptopu ikawaka bila matatizo. Akacheka kwa furaha, lakini kicheko hakikudumu. Akachukua daftari akapitisha kidole pale palipochanwa. Akauliza ni nani aliyeigusa mashine mwisho jana.

"Mimi, mwalimu," alisema Nashilu, kwa kuwa ndivyo alivyojua.

Germana alikaa akitazama miguu ya meza.

Mwalimu Wilibrodi alikuwa mtu mwema, ila siku hiyo alikosea, maana alimzoea Germana na ufunguo wake kiasi kwamba hakumfikiria kabisa. Alimwambia Nashilu kwamba mtu yeyote anaweza kubonyeza vibaya, na kosa hilo angelisamehe hapo hapo. Lakini kuchana ukurasa ili kosa lisionekane ni jambo lingine, na hawezi kumpeleka mtu wa namna hiyo zahanati, mahali ambapo karatasi moja ikipotea mtoto anakosa chanjo. Nashilu akasema hakuchana. Alisema mara mbili. Hakulia, ila sauti yake iliishia njiani.

"Germana," Mwalimu alisema, "kesho saa kumi na mbili na nusu uwe hapa."

Basi Germana akapata alichokitaka. Mama Blandina alifurahi kupita kiasi. Jioni ile alipita nyumba tano za majirani kuwaambia kwamba binti yake anapelekwa Kakesio kwa kazi ya kompyuta, akarudi na skafu ya kuazima na mayai ya kuchemsha. Germana alikaa jikoni akijaribu kufurahi. Alijilazimisha kufikiria Kreta, lakini alichokiona ni kile kidole cha Nashilu kikigusa kioo. Alitaka kuutupa ukurasa motoni, lakini mama hakuondoka mbele ya mafiga hata kidogo, anasimulia tu. Makande yalimshinda kumeza.

Asubuhi ya Jumatatu kulikuwa na baridi, na ukungu umefunika hata mabati ya maduka. Gari la Martini lilikuwa linaunguruma. Germana aliketi nyuma, laptopu mapajani imeviringishwa kwa blanketi. Mwalimu alikuwa mbele. Mama alisimama chini, anamrekebishia skafu kupitia dirishani.

Ndipo Nashilu akatokea ukunguni, anatembea haraka, amevaa sare ya shule kwa kuwa ndiyo nguo yake nzito. Alimwamkia Mwalimu na Mama Blandina, kisha akaja dirishani na kumpa Germana kifurushi. Ndani kulikuwa na sukari, majani ya chai na ripoti yake ya shule.

"Mpe yeyo wangu. Utamwona zahanati, atakuja, nimemtumia salamu kwa mtu wa lori. Hajui kusoma, kwa hiyo umsomee ripoti. Nimekuwa wa tatu." Akashusha sauti. "Mwambie kompyuta niliitengeneza mimi. Ya ukurasa usimwambie."

Germana alipokea kifurushi. Hakuwa amejua kwamba mama yake Nashilu angekuja. Wala hakuwa ameuliza. Tangu mwezi wa kwanza Nashilu hakuwa amemwona mama yake, na Germana kwa muda wote huo aliwaza geti na Kreta tu. Martini akatia gia. Gari likasogea hatua mbili.

"Simama," Germana alisema. "Mwalimu, ni mimi."

Martini akakanyaga breki. Germana akafungua mlango, akashuka na laptopu na kifurushi. Akatoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa mara nne na kumpa Mwalimu. Akaeleza yote, hapo barabarani, bila kuruka kitu: ufagio, ile alama, ukurasa. Alipofika mwisho akasema aliona wivu.

Mwalimu Wilibrodi aliifunua karatasi na kuitazama kwa muda. Mama Blandina alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Kisha Mwalimu akamgeukia Nashilu, mtu mzima na heshima zake zote, na kumwomba radhi mbele ya watu, kwamba alimhukumu bila hata kuuliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Akamwambia apande.

Nashilu hakuwa na mfuko wala nguo za kubadilisha. Germana akavua skafu, akampa. Akampa na mayai, laptopu na kifurushi chake. Nashilu alivipokea bila kumtazama usoni, akapanda, na gari likaingia ukunguni kuelekea Lodoare.

Mama Blandina hakumpiga. Alitembea naye mpaka nyumbani, akamwambia kwamba jana yeye alipita nyumba tano kumsifu, na sasa Germana atapita nyumba zile zile peke yake kueleza kwa nini hakusafiri. Germana aliomba apewe adhabu nyingine yoyote. Mama akakataa. Nyumba ya kwanza ilikuwa ngumu, ya pili ikawa ngumu zaidi kwa sababu walikuwa na wageni, na ya tano aliifikia macho yamevimba. Watu hawakumcheka, na hilo nalo lilimuuma.

Jumatano alasiri Mwalimu alimwita chumbani. Nashilu naye alikuwepo, amerudi na vumbi jeupe la Kakesio kwenye viatu. Daftari lilikuwa wazi mezani, na kando yake kikopo cha uji mzito wa kubandikia. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba mashine iliguswa Jumamosi na haijaandikwa, na sheria anaijua.

Germana akaubandika ukurasa mahali pake, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika. Chini yake akaandika tarehe. Akaandika jina lake. Katika safu ya tatu akaandika kwamba alikuta mashine inawaka vizuri. Katika ya nne akaandika alichokifanya. Kwenye safu ya sababu akasita, akaitafuna kalamu kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Mwishowe akaandika neno moja: wivu.

Mwalimu akalisoma. Kisha akachukua kalamu, na mstari uliofuata akaandika jina lake mwenyewe, na kosa lake la Jumapili.

"Wivu utakuja tena, Germana," alisema. "Mimi mtu mzima na bado unanijia nikiona fundi anayenizidi. Kuuhisi si dhambi ya kukufukuzisha hapa. Ukikujia, ukae karibu na anayekuzidi ujifunze kwake, badala ya kumvunjia kazi yake. Ungekaa na Nashilu siku ile ukaitazama ile mistari, leo mngekuwa mafundi wawili. Na ukishakosea, sema mapema. Ulisema Jumatatu, nikashukuru, lakini Jumapili mwenzako alilala akiitwa mwongo. Siku hiyo moja huwezi kumrudishia."

Ufunguo wa chumba akaubakiza kwake mpaka shule itakapofunguliwa.

Walitoka wote wawili, wakatembea kando ya lami. Gari la watalii likawapita, kisha jingine. Germana akamwomba Nashilu msamaha, bila watu wa kusikiliza, na Nashilu akakubali kwa kichwa. Walipofika njia panda ya kwa shangazi yake, Nashilu alisimama.

"Yeyo alikuulizia alipoiona skafu," alisema. "Nilimwambia wewe ndiye uliyenifundisha kushika kipanya. Ya ukurasa sikumwambia."

Akamrudishia skafu, imekunjwa vizuri, akaenda zake.